Anayepiga na Anayeshika: Nani Alijua?

  Safari hii hatukuleta habari za semina wala za kwaya. Tumeleta swali ambalo limekaa kati yetu tangu kiangazi, nasi tumeona ni heri liandikwe hapa kuliko kuendelea kunong'onwa njiani watu wakitoka ibadani.

Wengi mnajua habari yenyewe, lakini kwa wale wa vijiji vya mbali tuieleze. Tulikuwa tunachimba msingi wa darasa la watoto, upande wa juu wa kanisa, tukakuta jiwe. Sururu ilishindwa, mtaimbo ulipinda, na moto wa kuni tuliouwasha juu yake siku nzima ulibandua ganda tu. Ndipo tukakumbuka namna waliyotumia baba zetu katika kazi za barabara kule Kivu: unatoboa matundu kwa mstari, unaingiza kabari za chuma, unazigonga moja moja kwa zamu, na mwishowe jiwe linapasuka kufuata mstari ule.

Kutoboa tundu kunataka watu wawili. Mmoja anachuchumaa na kushika tindo, kile chuma kirefu chenye ncha, akiisimamisha wima juu ya jiwe. Wa pili anasimama na nyundo kubwa. Kila baada ya pigo, yule wa chini anaizungusha tindo kidogo, ili ncha isirudie mahali pale pale na tundu litoke mviringo. Asipoizungusha, inanasa. Akichelewa kuizungusha, nyundo inamkuta mkono ukiwa bado unasogea. Kwa hiyo ni kazi ya kusikilizana: piga, zungusha, piga, zungusha. Tundu likijaa unga wa jiwe mnasimama, mnamwaga maji kidogo, mnauchota kwa kijiti, mnaanza tena. Tundu moja la urefu wa shibiri lilitumaliza asubuhi nzima.

Nyundo ilikuwa ya kanisa. Mpini wake tuliukata wenyewe katika mkaratusi, tena ukiwa mbichi, kwa kuwa tulikuwa na haraka. Mti mbichi ukikauka unasinyaa. Baada ya wiki moja kichwa cha nyundo kikaanza kucheza. Tukafanya wanavyofanya wengi: jioni tunaitumbukiza nyundo katika ndoo ya maji, mti unavimba, asubuhi kichwa kimekaa imara. Lakini maji ni dawa ya saa chache. Mti uliovimba ndani ya tundu la chuma unajibana wenyewe, nyuzi zake zinapondeka, na jua likiupiga unarudi mwembamba kuliko jana. Wiki mbili nzima tulikwenda hivyo. Kila aliyepita pale aliiona ile ndoo, na wengine walitutania kwamba nyundo ya kanisa imebatizwa mara nyingi kuliko wakristo wenyewe. Tulicheka sote.

Siku ile, kabla ya saa sita, kichwa cha nyundo kilichomoka hewani. Hakikwenda mbali. Kilishuka kule kule kilikokuwa kikielekea, ila upande kidogo, juu ya mkono ulioshika tindo.

Aliyeshika ni kijana wa miaka 16. Aliyepiga ni mjomba wake. Vidole viwili havikuweza kuokolewa, na kidole gumba kimebaki kigumu, hakikunjiki. Mkono ni wa kulia. Kijana huyu alikuwa amefika mbali katika kujifunza ushonaji, na wenye cherehani wanajua kwamba mkasi wa fundi unafunguliwa kwa kidole gumba.

Wazee wa kanisa waliwakalisha chini, mjomba upande mmoja, mama wa kijana upande mwingine, na sisi tuliokuwa kazini tukakaa nyuma. Mjomba alisema maneno machache. Alisema: "Mimi ni kama yule mtu wa shoka katika Torati. Sikumchukia. Huyu ni mtoto wangu. Nilimbeba mgongoni tulipokimbia vita, baba yake akiwa amekwisha kufa." Yote aliyosema ni kweli, na wengi walilia. Kisha wakasimama watu kadhaa, wakasema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, tuombe, tuchange kidogo, yaishe. Hatutaficha: sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa miongoni mwao.

Ndipo mama akasema: "Papa wazee, mimi siulizi nani alipiga. Aliyepiga ni kaka yangu, namjua. Nauliza, nani alijua?"

Hakuna aliyemjibu. Mzee mmoja aligeuza kichwa, akaangalia ile ndoo, ambayo bado ilikuwa pale pale penye kivuli cha ukuta. Kikao kikafungwa kwa sala. Lakini swali halikufungwa, na tangu siku hiyo tumelichukua kutoka nyumba hadi nyumba. Haya ndiyo tuliyoyafikia.

Kwanza tuliifungua ile habari aliyoitaja mjomba. Iko katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Mtu anakwenda msituni na mwenzake kukata miti. Anainua shoka, chuma kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Huyo aliyepiga anaruhusiwa kukimbilia katika mji wa makimbilio. Miji hiyo ilikuwa sita, na kitabu cha Yoshua, sura ya 20, kinaitaja kwa majina. Tena Torati inaagiza njia ya kwenda huko itengenezwe. Sisi wakimbizi tunaipenda sura hii na tumeihubiri mara nyingi. Lakini hatukuwa tumeona jambo moja lililo wazi kabisa: mkimbizi anayetolewa mfano pale hakukimbia vita wala njaa. Alikimbia kwa sababu ya chombo cha kazi kilicholegea.

Basi tuisome polepole. Sura inatuambia kwamba mtu yule hakumchukia mwenzake tangu hapo. Haituambii kwamba shoka lilikuwa limelegea wiki mbili, wala kwamba lilikuwa likilazwa katika maji kila jioni. Kwa aliyejua, Torati ina mfano mwingine, nao ni wa ng'ombe (Kut. 21:28-29). Ng'ombe akimwua mtu kwa pembe, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga watu kwa pembe, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, hapo damu iko juu ya mwenyewe. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alionywa.

Sisi tulionywa na ndoo. Tena ndoo yenyewe tuliijaza sisi.

Kwa hiyo tunadhani neno "ajali" linalifaa pigo lile moja, lile la siku ile. Wiki mbili za kuijua nyundo na kuinyamazia haziwezi kuitwa ajali. Mjomba anajihukumu kwa pigo, na watu wanamfariji kwa pigo, na kumbe mama anauliza juu ya zile jioni kumi na nne ambazo kila mtu alikuwa na nafasi ya kusema, "Ndugu, nyundo hii isirudi kazini."

Jambo la pili tuliliona baada ya muda, nalo ndilo tunalotaka mlifikirie zaidi. Wapo waliosema: kazi zote zina hatari, mbona mkulima anajikata kwa jembe na mpishi anaungua kwa mafuta? Ni kweli. Lakini mkulima ameshika jembe lake mwenyewe. Na yule mwenzake na shoka kule msituni angeweza kusimama hatua kumi mbali. Anayeshika hawezi. Kazi yenyewe imemweka chini ya nyundo, na haifanyiki akiwa mahali pengine.

Zaidi ya hapo, kazi yake ni kutulia. Hapa tulisimama muda mrefu. Viumbe wote Mungu amewapa kinga ya kwanza, nayo ni kushtuka. Mjusi anashtuka, kuku anashtuka, mtoto mchanga anafumba macho upepo ukimpiga usoni. Anayeshika tunamwambia: usishtuke. Ukishtuka, tindo itainama na pigo litakwenda vibaya, na utaumia, tena tutasema ni kosa lako. Kwa hiyo tumemvua kinga aliyozaliwa nayo, ili kazi yetu inyooke. Mtu akimvua mwenzake nguo, akamwacha nje usiku, tunajua analodaiwa. Anayemvua mwenzake kinga anadaiwa kinga nyingine badala yake: nyundo iliyokazwa, jicho lisilotangatanga, na pumziko kabla mikono haijachoka. Hii si huruma ya mpigaji kwa mshikaji. Ni deni, na linaanza kabla ya pigo la kwanza.

Mzee mmoja fundi seremala alitupinga, na alitupinga vizuri. Alisema: "Mnamfanya anayeshika kuwa malaika. Mimi nimekatwa kwa sababu ya mshikaji mara nyingi kuliko yeye kwa sababu yangu." Akatueleza habari ya mbao. Unapokata mbao kwa msumeno, mwenzako anashika upande ule utakaodondoka. Akiwa mgeni wa kazi anadhani anakusaidia kwa kuuinua juu. Kumbe akiinua, mkato unajifunga na kuubana msumeno; unasukuma kwa nguvu, msumeno unaruka nje, unakutana na kidole chako. Mshikaji mzuri anaubeba uzito tu, hainui wala haachilii. Akatutajia pia ngazi. Yeye aliwahi kuanguka kutoka paani, kwa sababu aliyeshika ngazi aliiacha kidogo tu, akamsalimu shemeji yake aliyekuwa anapita njiani. Salamu ni jambo jema, lakini ilimgharimu mzee bega.

Maneno yake yalitugeuza kidogo. Tulikuwa tukielekea kusema kwamba lawama ni ya anayepiga na haki ni ya anayeshika. Kwenye ngazi mambo yamepinduka: mwenye chombo yuko juu, naye ndiye ambaye mwili wake uko hatarini, na aliyeshika yuko salama chini, miguu yake imekanyaga udongo. (Salama kiasi, maana nyundo ikidondoka inamshukia utosini.) Kwa hiyo hatuwezi kusema daima mpigaji, wala daima mshikaji. Tunachoweza kusema ni hiki: kila mara watu wawili wanapofanya kazi moja, muulizane kwanza, likiharibika litamkuta nani? Huyo ndiye awe na neno. Yeye ndiye aseme "piga", yeye ndiye aseme "ngoja", na akisema "ngoja" hata bila sababu, nyundo ishuke chini. Kwa mazoea yetu neno ni la mkubwa, au la mwenye chombo, au la anayelipa, na jeraha linabaki kwa mwingine.

Hapo tunafika kwenye kijana mwenyewe. Kuna aliyesema: "Lakini alikubali, hakuna aliyemlazimisha." Tulimwuliza kijana kwa upole. Akasema aliona kichwa kikicheza siku tatu kabla. Akataka kusema, akaona haya. Jamani, nani atamwambia mjomba aliyembeba mgongoni, "Mjomba, siiamini nyundo yako"? Angeonekana mwoga, tena asiye na shukrani. Kadiri tunavyomtendea mtu mema, ndivyo inavyokuwa vigumu kwake kutukatalia, na pengine ndivyo tunavyopaswa kumwuliza mara mbili. Ndiyo ya mtoto kwa mlezi wake ni nyepesi sana. Ndivyo ilivyo pia kwa mgeni aliyefika makazini mwezi uliopita, ambaye hana shamba bado, akaitwa kushika mbao kwa fundi ili apate chochote cha jioni. Atashika kitu chochote. Tusijisifu kwamba alikubali.

Na hapa tuseme neno la nyumbani, maana hatari hii haiko kwenye jiwe la kanisa tu. Ni mara ngapi tumemwita mtoto ashike kuni tukizipasua kwa panga? Ashike mfupa wa nyama tukiukata? Ashike bati tukilitoboa kwa msumari? Mara nyingi mkono wa mtoto uko pale kwa sababu sisi hatukutaka kutafuta njia nyingine. Kuni inaweza kuegemezwa katika kuni nyingine, au kukitwa kati ya mawe mawili. Mbao inaweza kufungwa kwa kamba kwenye benchi, au kuzuiwa kwa kabari na misumari miwili. Mafundi wenye uwezo wana jiliwa, chuma kile cha kubana kazi mezani, ambacho hakichoki, hakishtuki wala hakina mama. Sisi jiliwa ni ghali kwetu, na mkono wa mtoto hauna bei, basi tunafanya hesabu bila kujua kwamba tumeifanya. Umaskini ni kweli. Hatumlaumu mtu kwa kukosa chuma. Lakini kamba tunazo, na mawe, Mungu anajua, hatukupungukiwa nayo.

Kazi ya tindo si ya Kivu peke yake. Huko Marekani, kati ya mwaka 1870 na 1872, ilitobolewa njia ya reli ndani ya mlima mahali panapoitwa Big Bend, katika jimbo la West Virginia. Wengi wa wafanyakazi walikuwa watu weusi, na utumwa ulikuwa umefutwa katika nchi ile mwaka 1865 tu, miaka mitano nyuma. Walitoboa mwamba kwa namna hii hii, mmoja na nyundo, mmoja amechuchumaa na chuma mkononi akikizungusha, gizani. Kuna wimbo maarufu juu ya mpigaji mmoja, John Henry, ambaye inasimuliwa alishindana na mashine ya kutoboa, akaishinda, kisha akafa. Wanahistoria bado wanabishana kama mambo yalikuwa hivyo na kama yalikuwa pale. Sisi lililotushika ni jingine. Kwa kila pigo la shujaa huyo palikuwa na mtu aliyeshika chuma, nacho kichwa cha chuma kilikuwa karibu na uso wake. Wimbo unaimbwa katika namna nyingi. Katika baadhi John Henry anamwonya mwenzake huyo aombe Mungu asije yeye akakosea shabaha. Sala ni njema. Ila tumejiuliza kwa nini aliyeshika aachiwe sala, na aliyepiga aachiwe wimbo.

Ndugu mmoja katika mazungumzo haya alileta habari ya Uza, nayo imetusumbua kuliko zote. Mnaikumbuka (2 Sam. 6). Sanduku la Mungu liko juu ya gari jipya, ng'ombe wanajikwaa, Uza ananyoosha mkono alishike lisianguke, naye anakufa pale pale. Tumezoea kuihubiri kama onyo kwa Uza. Lakini angalieni ni nani aliyeamua kuliweka sanduku juu ya gari. Sheria ilitaka libebwe mabegani. Daudi alikuwapo, na watu maelfu walikuwapo, na muziki ulikuwa mwingi. Wote waliliona gari. Ng'ombe walipojikwaa, mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa mtu mmoja. Na baadaye Daudi anapotaka kulileta sanduku mara ya pili, anapozungumza na Walawi (1 Nya. 15), haanzi na kosa la Uza. Anasema halikubebwa inavyopasa mara ya kwanza, na kwamba hatukumtafuta Mungu kwa utaratibu wake, naye mfalme anajihesabu ndani ya neno hilo. Sisi si wanatheolojia, na kuna mengi katika sura ile ambayo hatuyawezi. Lakini hilo "hatu-" tulilisikia.

Ndipo tukarudi kwa wazee tukaomba kikao kingine. Safari hii hatukukaa nyuma. Tulikuwa tisa tulioiona ndoo kila siku, tukasimama tisa, tukamwambia mama: tulijua. Hakulia wala hakutushukuru. Alituangalia mmoja mmoja, kisha akauliza kama tumekula. Hatujui alikuwa na maana gani, na hatukuthubutu kumwuliza.

Wazee hawakumtoza mjomba faini peke yake. Walisema gharama za matibabu na za kijana kurudi katika mafunzo ziwe juu ya wote kumi, mjomba akiwa mmoja wetu. Mkasi wa mkono wa kushoto tumeuagiza mjini. Mwalimu wake wa ushonaji anasema kukata kwa kushoto kunajifunzika, ila kutachukua mwaka, na kitambaa cha majaribio kitakuwa kingi; mwenye mashuka makuukuu asiyatupe.

Kuhusu kazi yenyewe, tumebadilisha mambo kadhaa. Tumekata kipande cha tairi la lori, kama kile cha kutengenezea viatu, tukatoboa tundu katikati na kuipitisha tindo. Sasa anayeshika anashika mpira, na mkono wake uko mbali na chuma kwa kadiri ya kiwiko hadi vidole. Ni kitu cha dakika kumi, na tungeweza kukifanya siku ya kwanza. Mpini mpya ni wa mti uliokauka kivulini miezi mingi, umepigiliwa kabari juu. Kichwa cha tindo nacho, kikipigwa muda mrefu, kinachanua kama uyoga, na kingo zake zinavunjika na kuruka. Kijana mmoja alisema vipande hivyo vinalia kama risasi, na watu wawili watatu waliokuwa wamekaa naye wakainuka wakaenda kunywa maji. Kingo hizo sasa tunazisaga kwa tupa kila asubuhi.

Na mpigaji hainui nyundo mpaka aliye chini aseme "piga". Siku za kwanza watu walicheka, hasa mwenye kusema "piga" alipokuwa kijana mdogo na mwenye nyundo alipokuwa shemasi. Kazi imekuwa ya polepole, tena watu wanachoka kwa kupiga kelele. Mzee seremala, yule aliyetupinga, alikuja akasikiliza, akasema inamkumbusha wapasua mbao wa Kivu, mmoja juu ya gogo na mmoja shimoni chini yake, ambao hawakuacha kuitana mchana kutwa, kwa sababu yule wa chini vumbi la mbao lilimjaa machoni na yule wa juu hakuweza kumwona.

Mjomba anakuja kila Jumamosi. Nyundo haishiki tena, ingawa wazee wamemwambia mara mbili kwamba yuko huru. Anachuchumaa, anashika tindo, anasema "piga" kwa sauti ya chini mpaka mpigaji anamwomba aseme tena. Kijana hajafika penye jiwe tangu siku ile. Anapokwenda katika mafunzo anapita njia ya chini, ile ya kisimani, ambayo ni ndefu zaidi. Wanaishi ua mmoja. Mama anawapakulia wote wawili.

Yamebaki matundu matatu kabla ya kuingiza kabari. Kazi ni Jumamosi saa mbili asubuhi, mvua isiponyesha. Atakayekuja aje na maji ya kunywa, na asije na mtoto. Nyundo ya zamani haipo tena kazini: mpini tuliuchoma, na chuma chake kiko kwa katibu, kwa atakayetaka kukiona.